Kutoka Lahajedwali hadi Mkopo wa Simu: Historia Fupi ya Ripoti za Biashara

Katika insha hii nitaeleza jinsi zana za programu, hasa za intaneti, zilivyobadilisha ripoti za uchanganuzi wa biashara. Ripoti hizo hugawanywa katika aina nne kulingana na swali linalojibiwa: nini kimetokea, kwa nini kimetokea, nini kitatokea, na tufanye nini. Hoja yangu ni kwamba kila zana ilirahisisha swali jipya, lakini hakuna iliyoweza kujibu kuhusu jambo ambalo halikuandikwa.

Mwaka 1979 Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali iliyotumika katika kompyuta ndogo ya Apple II. Bricklin alipata wazo hilo akiwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hapo awali, mhasibu akibadilisha bei moja kwenye karatasi alilazimika kufuta na kukokotoa upya jumla zote. Katika VisiCalc jumla zilibadilika zenyewe. Hivyo ikawa rahisi kuuliza: bei ikipanda, faida itakuwaje?

Tovuti zilipoenea katika miaka ya 1990, seva zilitunza kumbukumbu ya kila ombi lililofika. Mwaka 1995 Stephen Turner wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitoa Analog, programu ya kusoma kumbukumbu hizo na kuzifanyia ripoti. Ripoti za namna hii zilijibu swali la kwanza tu, tena kwa shida. Ukurasa mmoja wenye picha kumi ungeweza kuhesabiwa kuwa maombi kumi na moja, na mwenye tovuti aliyedhani kila ombi ni mtu alijidanganya. Mwaka 2005 Google ilinunua kampuni ya Urchin, na Novemba mwaka huohuo ikatoa Google Analytics bila malipo. Sasa hata mfanyabiashara mdogo aliweza kuona wageni wametoka wapi na wameishia ukurasa gani, akaanza kutafuta sababu.

Kwetu Afrika Mashariki, zana iliyopata nguvu zaidi ni simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Mwaka 2012 ikafuata M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya Safaricom na Commercial Bank of Africa, ambapo kumbukumbu za matumizi ya simu zilisaidia kupanga kiwango cha mkopo. Hapo uchanganuzi ulifika swali la tatu na la nne: mteja huyu atalipa? Apewe kiasi gani?

Jambo hili linanigusa. Mama yangu anauza vitenge sokoni Mbale, Uganda. Alipoomba mkopo kwa simu, alipewa kiasi kisichotosha kununua hata robota moja. Wateja wake wengi hulipa taslimu, na mauzo yake yamo katika daftari. Lina historia ya miaka kumi na miwili, lakini simu haikuliona.

Kwa kumalizia, zana zimeongezeka na ripoti zimekuwa za haraka, lakini mpaka wake ni uleule. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wenzangu: tukipewa ripoti, kabla ya kuuliza inasema nini, tuulize ni nini hakikuhesabiwa.