Kutoka Mkasi wa Studio hadi Huduma ya Wingu: Historia ya Mkato wa Picha ya Uso Kaskazini mwa Uganda

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna picha ya mtu ilivyokatwa na kubakizwa uso peke yake, kuanzia studio ya mji wa Gulu hadi programu zinazokata picha katika seva za mbali. Inajenga hoja kwamba kila hatua ya teknolojia imemwondoa mkataji mbali zaidi na mtu anayekatwa picha yake, na kwamba sera za lugha na za ulinzi wa taarifa binafsi katika Afrika Mashariki hazina budi kuuzingatia umbali huo. Mifano imetazamwa kutoka Arua na Koboko, ambako kitambulisho ni haja ya kila siku.

Utangulizi

Mvara, mtaa wa Arua, ni mahali ambapo karatasi ilianza mapema kumwakilisha mtu. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na Mvara ikawa makao ya kanisa na shule. Palipo na shule pana cheti, na palipo na cheti hatimaye huombwa picha. Kaskazini zaidi iko Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, ambako Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili hukutana sokoni. Katika eneo ambalo jamaa wa ukoo mmoja wamegawanywa na mipaka, picha ndogo ya uso ina uzito: huamua nani ni raia, nani ni mkimbizi na nani apewe laini ya simu.

Kipande kabla ya picha

Historia ya lugha inatoa ushahidi wa kwanza. Nchini Kenya, sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba hati yenye alama za vidole, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Hati hiyo iliitwa kipande. Neno hilo lina maana ya sehemu iliyomegwa kutoka kitu kizima, na ndilo lililodumu vinywani mwa watu. Uganda ilifuata njia nyingine ya kuita: neno la Kiganda endagamuntu linamaanisha kinachomwonyesha mtu. Majina haya mawili yanabeba mitazamo miwili. La kwanza linakiri kwamba hati humega. La pili linadai kwamba hati hudhihirisha. Mkato wa picha umo katikati ya madai hayo mawili.

Mkasi wa Gulu

Mfano ulio wazi kuliko yote kaskazini mwa Uganda ni Gulu Real Art Studio. Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo alikuta katika studio hiyo picha za watu walioketi mbele ya pazia, nguo, mikono na mkao vikionekana barabara, lakini mahali pa uso pakiwa na tundu la mstatili. Sababu haikuwa ya kisanaa. Mashine ya picha za pasipoti ilitoa picha nne kwa mpigo, ilhali wateja wengi walihitaji chache. Ilikuwa nafuu kupiga picha moja ya kawaida, kukata uso, kumkabidhi mteja, na kulitupa salio. Mwaka 2013 masalio hayo yalichapishwa kuwa kitabu na kuonyeshwa New York.

Masalio yale yana habari ambayo kitambulisho hakina. Koti lilelile hurudi kwa wateja tofauti, kwa kuwa studio iliwaazima wasiokuwa nalo. Mama ana mtoto mapajani. Mikono mingine imekunjwa, mingine imeshika magoti. Eneo hilo lilikuwa limetoka katika vita vya takriban miongo miwili kati ya serikali na Lord's Resistance Army, na picha zilihitajika kwa mikopo, ajira na misaada. Taasisi zilitaka uso. Maisha yaliyouzunguka uso yalibaki sakafuni. Hata hivyo, mteja alimwona fundi, akauona mkasi, na akaweza kusema kwamba sikio limekatwa. Mkato ulikuwa jambo la ana kwa ana.

Mkato wa chumba cha habari

Tarehe 24 Januari 2020, Vanessa Nakate, mwanaharakati wa tabianchi kutoka Uganda, alipigwa picha mjini Davos pamoja na wenzake wanne wa Ulaya, akiwemo Greta Thunberg. Shirika la habari la Associated Press lilisambaza picha iliyokatwa: wanne walibaki, Nakate akaondolewa. Maelezo ya awali yalikuwa kwamba mpiga picha alikuwa na haraka na alitaka kuondoa jengo lililovuruga mandhari. Baadaye shirika hilo liliomba radhi.

Tukio hilo linafundisha jambo moja la msingi. Sababu ya kiufundi inaweza kuwa ya kweli na matokeo yake bado yakawa ya kumfuta mtu. Tofauti na Gulu, aliyekatwa hakuwapo wakati wa kukata. Lakini alikuwapo mhariri wa kuulizwa, na jibu lilipatikana.

Mkato wa wingu

Hatua ya tatu imeondoa hata mhariri. Huduma kama Cloudinary, iliyoanzishwa mwaka 2012, humwezesha mtunzi wa programu kuandika ndani ya anwani ya picha upana, kimo na kitovu anachotaka, kwa mfano uso. Seva huisoma amri hiyo, hutafuta uso, hukata, hupunguza na kuhifadhi nakala kwa matumizi yajayo. Maelfu ya picha hukatwa pasipo mtu kuzitazama. Faida ni dhahiri: picha huwa nyepesi, jambo lenye maana pale ambapo intaneti ni ghali na hafifu.

Swali ni jinsi mashine inavyojua uso ulipo. Mbinu ya Viola na Jones ya mwaka 2001, iliyoenea sana, ilitegemea mpangilio wa mwanga na giza, kwa mfano kwamba sehemu ya macho huwa na giza kuliko mashavu. Mbinu za baadaye hujifunza kutokana na mkusanyiko wa picha, na mkusanyiko wenye watu wa aina moja huzaa uoni wa upande mmoja. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018, uliohusu programu za kutambua jinsia kwa uso, ulionyesha makosa ya hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, dhidi ya asilimia 0.8 kwa wanaume wenye ngozi nyeupe. Mwaka 2021 Twitter, baada ya malalamiko ya watumiaji, ilichapisha uchunguzi wa programu yake ya kukata picha: programu ilielemea Weupe dhidi ya Weusi kwa asilimia 4, na wanawake dhidi ya wanaume kwa asilimia 8. Kampuni hiyo iliamua kwamba uamuzi wa kukata unafaa zaidi kuachiwa watu.

Kuna mgeuko mwingine. Gulu, uso uliondoka na mteja na salio likabaki kwa fundi. Katika wingu, kwa kawaida picha nzima hubaki kwenye seva na kipande ndicho huonyeshwa. Mtu huona uso wake tu, ilhali koti, mtoto na ukuta wa nyumba vimehifadhiwa mahali asipopajua.

Athari kwa sera

Mambo haya si ya nadharia West Nile. Usajili wa watu wengi kwa vitambulisho vya taifa ulianza Uganda mwaka 2014. Kati ya Machi na Oktoba 2018, serikali na UNHCR zilihakiki wakimbizi kwa alama za vidole na mboni za macho, wakiwemo wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule ya Koboko. Takriban milioni 1.1 walithibitishwa nchini kote. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 inaweka masharti kwa taarifa zinazohifadhiwa nje ya nchi. Sharti mojawapo ni ridhaa, na ridhaa haina maana bila lugha.

Hapa ndipo Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda katika Katiba tangu mwaka 2005, kina kazi. Amri za kukata picha zimeandikwa kwa Kiingereza, na mkataba wa huduma vivyo hivyo. Kiswahili kina kukata, kupunguza na kupogoa. Kupogoa humaanisha kuondoa matawi ili mti unufaike. Kukitumia kitenzi hicho ni kudai kwamba kilichoondolewa hakikufaa. Kukata hakudai hivyo, nacho huacha nafasi ya kuuliza kilichokatwa kiko wapi. Kwa sababu hiyo, kukata kinafaa zaidi katika hati za ridhaa.

Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, taasisi ya umma inayotumia huduma ya wingu imwonyeshe mhusika picha iliyokatwa kabla ya kuipokea, kama fundi wa Gulu alivyofanya. Pili, ieleze kwa lugha anayoielewa picha nzima inakohifadhiwa na kwa muda gani. Tatu, programu ijaribiwe kwa nyuso na mwanga wa mahali itakapotumika, na mtumishi apewe mamlaka ya kurekebisha mkato kwa mkono. Mkasi haukuwa na haki kuliko seva. Tofauti ni kwamba mwenye mkasi alikuwa amesimama mbele ya mwenye uso.