L Zilikufa kwa Baridi

Kama ulisoma bweni upande wa Nyeri, baridi ya Julai unaijua. Maji ya kuoga saa kumi na moja asubuhi yanakuuma kama deni. Lakini mimi baridi haikuwa shida. Shida yangu ilikuwa herufi moja.

Wiki ya pili ya Kidato cha Kwanza, mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni: "Lori la Lulu lililala Laikipia." Akaninyooshea chaki. Nikasimama, nikasoma kwa sauti: "Rori ra Ruru ririrara Raikipia."

Darasa lilianguka. Wa kwanza kucheka walikuwa vijana wa kutoka Nairobi, lakini hata wale ambao wangesoma vilevile walicheka, tena kwa nguvu zaidi, ndio wasishukiwe. Masikio yangu yakawaka moto. Sijui maneno yalitoka wapi, nikasema, "Mwalimu, huku mlimani L hazistahimili baridi. Zilikufa zote."

Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa changu. Mpaka jioni nilikuwa na jina, na ukiwa mono jina ni ngao. Nikawa bingwa wa mchongoano kwenye bweni. Kwenu ni mteremko hadi kuku wanalala wamefunga breki. Shule yenu ni baridi hadi kengele ikigongwa inakohoa. Aliyechongoa vizuri hakuguswa.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba kile kicheko cha darasani kilikuwa na historia. Alfabeti ya Gĩkũyũ haina L. Haina S, F, P, V wala Z pia. Ulimi uliokulia Mathira au Othaya haukosei unaposema "rori". Unafanya kazi uliyofunzwa nyumbani. Sasa kosa lilianza lini kuwa kosa?

Ngũgĩ wa Thiong'o, mtoto wa Limuru, alieleza sehemu ya jibu katika Decolonising the Mind, kitabu kilichotoka 1986. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule huru za Wagĩkũyũ zilichukuliwa na serikali ya kikoloni, na Kiingereza kikawa mfalme. Mtoto aliyenaswa akiongea Gĩkũyũ shuleni alichapwa, au akavishwa bamba la chuma shingoni lenye maneno ya kumdhalilisha. Na walinaswaje? Mwanafunzi mmoja alipewa kifungo asubuhi, akampa wa kwanza kumsikia akiongea lugha ya mama, naye akampa mwingine, hivyo hivyo hadi jioni. Aliyebaki nacho alitaja aliyempa, na mnyororo wote ukatoka. Watoto walifundishwa kuwindana.

Wazazi wetu pia wanakumbuka vibao vya aina hiyo, miaka mingi baada ya bendera ya mkoloni kushushwa. Sisi hatukuvikuta, lakini tulikuta kicheko, na kazi yake ilikuwa ileile.

Halafu kuna Wahome Mutahi. Kama hukukulia kwenye nyumba iliyonunua gazeti la Jumapili, pengine jina hili halikuambii kitu. Alizaliwa Nyeri mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto. Alipitia seminari, ikabaki kidogo tu awe padre, kisha akaishia kwenye uandishi wa habari. Safu yake ya ucheshi, Whispers, ilianza miaka ya 1980 na ikaendelea hadi mwisho wa maisha yake. Humo alijigeuza Son of the Soil, mtoto wa mlimani aliyeingia mjini na matope kwenye viatu. Mkewe alimwita Thatcher, kama yule waziri mkuu wa Uingereza. Binti yao alikuwa Pajero. Mama yake alikuwa Appepklonia, yaani Apollonia, jina la ubatizo lililopita kwenye ulimi wa Nyeri likatoka na sura mpya. Kulikuwa na padre wa Kiitaliano pia, maana Wamisionari wa Consolata wamekuwa mlimani tangu mwanzo wa karne ya 20.

Yaani alichukua kila kitu ambacho sisi tulikionea aibu, lafudhi, kijiji, mama asiyejua Kiingereza, akakiweka gazetini nchi nzima icheke. Lakini angalia alianzia wapi. Mjinga mkubwa wa kila hadithi alikuwa yeye mwenyewe. Akishajicheka, ndipo anawageukia wakubwa.

Na wakubwa hawakucheka. Mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, alikamatwa, akapitishwa Nyayo House, kisha akafungwa gerezani. Alitoka akaandika The Jail Bugs, kisha akapeleka michezo ya kuigiza ya Gĩkũyũ kwenye mabaa, watu wakawacheka watawala huku wakila nyama choma. Alifariki Julai 2003, baada ya kulala miezi kadhaa bila fahamu kufuatia upasuaji.

Nikimsoma sasa, namkumbuka jamaa niliyekaa naye dawati moja. Alitoka Kirinyaga, mtu wa maneno machache. Kwake basi lilikuwa "mbasi" na daktari alikuwa "ndaktari". Siku moja kwenye prepu utani uliniishia, na wale wa Nairobi walikuwa wameanza kunigeukia. Nikaigiza alivyosoma insha yake. Niliigiza vizuri sana. Bweni zima lilimwita Ndaktari mpaka Kidato cha Nne, na sikumbuki akiinua mkono tena darasani.

Nilikuwa nimeshika kifungo. Nikampa aliyekuwa karibu.

Mwaka jana nilikutana naye steji ya matatu Karatina. Tukasalimiana kwa furaha, tukaulizana habari za watoto. Nikaleta ile stori ya lori na L zilizokufa kwa baridi, naye akacheka kweli. Nikapata moyo, nikamwambia nilimkosea kwa lile jina.

Alinyamaza kidogo, makanga akipiga kelele nyuma yetu. Akasema, "Wewe ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa nahesabu siku."

Kisha akapanda gari la Kerugoya, akanipungia mkono dirishani.