Silvertown 1917: Moto Ambao Kamera Haikuuona

Msikilizaji, mwezi Julai mwaka 1918 kumbi za sinema za Marekani zilianza kuonyesha filamu fupi ya kimya iliyochorwa kwa mkono. Iliitwa The Sinking of the Lusitania, na mtunzi wake alikuwa mchoraji mashuhuri wa katuni, Winsor McCay. Filamu hiyo ilisimulia kuzama kwa meli ya abiria ya Uingereza, Lusitania, iliyopigwa na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915. Watu karibu 1,200 walikufa.

Hakuna kamera iliyonasa tukio hilo. Kwa hiyo McCay na wasaidizi wake wachache walikaa karibu miaka miwili wakichora picha zipatazo 25,000, moja baada ya nyingine, ili watazamaji waone kile ambacho hakuna jicho la kamera lililokishuhudia. Katuni, ambayo wengi wetu tumezoea kuihesabu kuwa burudani ya watoto, ilipewa kazi ya kutoa ushahidi.

Tangu hapo kazi hiyo imerudiwa mara kadhaa. Mwaka 1983 Wajapani walitoa filamu ya katuni Barefoot Gen, iliyotokana na simulizi za Keiji Nakazawa, aliyenusurika bomu la atomiki la Hiroshima akiwa mtoto wa miaka sita. Filamu hizo mbili zinahusu mashambulizi ya adui. Lakini je, msiba unaotokea kiwandani, bila adui yeyote kufyatua risasi, ungechorwaje? Mchoraji angeanzia wapi?

Mji wa London una mfano wake, nao ni wa zama zilezile za McCay.

Ng'ambo ya mto Lea

Mashariki mwa London, kandokando ya mto Thames, kuna mtaa uitwao Silvertown. Jina lake halitokani na madini ya fedha, bali na Samuel Winkworth Silver, mfanyabiashara ambaye kampuni yake ilijenga hapo kiwanda cha bidhaa za mpira katikati ya karne ya 19.

Viwanda havikukusanyika mahali hapo kwa bahati tu. Sheria ya majengo ya mwaka 1844 iliweka masharti makali kwa kazi zenye uvundo na hatari ndani ya mji wa London. Lakini ng'ambo ya mto Lea, katika eneo la West Ham, sheria hiyo haikufika, kwa kuwa West Ham ilihesabiwa kuwa sehemu ya jimbo la Essex. Hivyo wenye viwanda wakavuka mto. Walijenga mitambo ya kemikali, ya mpira, ya lami na ya sukari, na wafanyakazi wao wakaja kuishi katika nyumba ndogo zilizobanana chini ya kuta za viwanda hivyo. Hatari ilikuwa imehamishwa kwa wale wasio na uwezo wa kuikataa.

Mwaka 1893 kampuni ya Brunner Mond ilifungua kiwanda chake Silvertown. Ilitengeneza magadi ya kufulia na soda kali inayotumika viwandani. Mwaka 1912 utengenezaji wa soda kali ulisimamishwa, na sehemu ya kiwanda ikabaki bila kazi.

Onyo lililopuuzwa

Miaka miwili baadaye ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Msikilizaji wa Afrika Mashariki anaijua vita hiyo kwa majina yaliyobaki mpaka leo: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinakumbusha jeshi la wapagazi, vijana wa Kiafrika waliobeba mizigo ya Waingereza porini na kufa kwa maelfu. Katika nyanja za vita za Ulaya, mwaka 1915 mizinga ya Waingereza ilipungukiwa na makombora, na uhaba huo ukazusha mtikisiko katika serikali ya London.

Makombora yalihitaji baruti kali aina ya TNT. TNT ghafi hutoka kwenye mitambo ikiwa na uchafu, na ni lazima isafishwe kabla ya kujazwa ndani ya makombora. Mwanakemia mkuu wa Brunner Mond, Francis Freeth, alikuwa amebuni njia ya kuisafisha kwa kuiyeyusha katika spiriti yenye joto, kisha kuiacha igande upya ikiwa safi. Serikali ikatazama ramani, ikaona nafasi iliyo wazi Silvertown, ikaamua kazi ifanyike hapo.

Kampuni ilipinga, kwani nyumba za watu zilikuwa karibu mno. Pingamizi lake halikusikilizwa, na mwezi Septemba mwaka 1915 kazi ikaanza, tani 9 kwa siku. Freeth mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba kila mwisho wa mwezi waliandika kuonya kuwa iko siku mtambo huo utalipuka, nao wakajibiwa kwamba hatari hiyo inastahili kubebwa kwa sababu TNT inahitajika.

Mwaka 1916 mtambo mwingine wa kusafisha TNT ulijengwa Gadbrook, katika jimbo la Cheshire, mbali na makazi ya watu na kwa masharti bora ya usalama. Hata hivyo, Silvertown haikufungwa. Yote miwili iliendelea kufanya kazi.

Saa moja kasoro dakika nane

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Januari 1917, jioni, moto ulizuka katika chumba cha juu cha kuyeyushia TNT. Wafanyakazi wengi wa mchana walikuwa wamekwisha kuondoka. Mwanakemia wa kiwanda, Dakta Andrea Angel, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford kabla ya kuja kulitumikia taifa wakati wa vita, alikimbilia kwenye moto badala ya kuukimbia. Polisi wa zamu, Edward Greenoff, alibaki karibu na lango akiwaonya watu waondoke. Kituo cha zimamoto kilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na wazimamoto wakaanza kutandaza mipira yao ya maji.

Ilipotimu saa moja kasoro dakika nane usiku, tani zipatazo 50 za TNT zililipuka kwa pamoja.

Kiwanda kilitoweka. Vipande vya chuma vilivyowaka vilirushwa mbali, vikawasha mioto mingine katika maghala na vinu vya unga vya bandarini. Upande wa pili wa mto Thames, huko Greenwich, tangi kubwa la gesi lilipasuka na kutoa mpira wa moto uliopanda angani. Mngurumo ulisikika umbali wa kilomita zaidi ya 100. Nyumba zipatazo 70,000 ziliharibika, kuanzia vioo vilivyovunjika hadi kuta zilizoanguka, na mamia kati ya hizo hazikufaa tena kukaliwa na watu.

Waliokufa walikuwa 73, na zaidi ya 400 walijeruhiwa. Dakta Angel, polisi Greenoff na wazimamoto wawili walikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha, pamoja na wanawake na watoto waliokuwa majumbani mwao. Saa yenyewe ndiyo iliyopunguza maafa. Lau mlipuko ungetokea mchana, kiwanda kingekuwa kimejaa watu. Lau ungetokea usiku wa manane, familia zingekuwa zimelala vyumba vya juu, ambavyo ndivyo vilivyobomoka zaidi.

Ripoti iliyofungiwa

Hakuna filamu ya dakika ile. Picha tunazoziona leo zilipigwa baadaye: magofu, mabati yaliyojikunja, na watu wamesimama mbele ya nyumba zisizo na mapaa. Magazeti ya wakati wa vita yalibanwa na udhibiti, na taarifa ya kwanza ya serikali ilikuwa fupi. Pengo hilo likajazwa na uvumi: wengine walisema ni ndege za Ujerumani, wengine wakasema ni majasusi.

Serikali iliunda tume chini ya Sir Ernley Blackwell, nayo ikamaliza ripoti yake mwezi Februari 1917. Tume haikuweza kutaja chanzo kimoja cha moto kwa uhakika. Lakini ilisema waziwazi kwamba mahali pale hapakufaa kwa kazi ile, na ikalaumu namna TNT ilivyohifadhiwa, katika vyombo visivyo salama na karibu na mtambo wenyewe.

Ripoti hiyo haikutolewa kwa wananchi hadi miaka ya 1950. Takriban pauni milioni 3 zililipwa kama fidia, na mashujaa wakapewa nishani baada ya kufa. Walionusurika walipata fedha na sifa kwa ajili ya wafu wao. Maelezo ya kwa nini jambo lile liliruhusiwa yalikaa kabatini zaidi ya miaka 30, hadi wengi waliokuwa na haki ya kuyasoma walipokwisha kuingia kaburini.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tarehe 1 Julai 1918, mwezi uleule ambao filamu ya McCay ilitoka, kiwanda cha kujaza makombora cha Chilwell, katikati ya Uingereza, kililipuka na kuua watu 134.

Kutoka Silvertown hadi Magadi

Hadithi ya Brunner Mond haikuishia kando ya Thames. Kampuni hiyo ilijengwa juu ya bidhaa ambayo mpishi wa Kiswahili anaijua kwa jina moja tu: magadi. Na katika Bonde la Ufa, kusini mwa Kenya, lipo ziwa lenye jina hilohilo, ambalo kampuni ya Kiingereza ilianza kuchimba magadi yake kabla ya Vita Kuu na kujengewa tawi la reli kutoka Konza. Kampuni hiyo ya kwanza ilifilisika, na mwaka 1924, miaka saba baada ya mlipuko wa Silvertown, Brunner Mond ikaichukua. Mwaka 1926 Brunner Mond iliungana na kampuni nyingine tatu kuunda ICI, jina lililotawala kemikali za Uingereza kwa miongo mingi. Kuanzia mwaka 2005 biashara ya Magadi ikaingia mikononi mwa Tata Chemicals ya India.

Hatusemi kwamba Magadi kulitokea Silvertown nyingine. Tunachosema ni kwamba viwanda vya kemikali ni nyumba moja yenye milango mingi, na watu wa Afrika Mashariki wamo ndani yake tangu zamani. Swali la Silvertown, yaani nani anaamua hatari iwekwe wapi na nani ataishi kando yake, ni swali letu pia.

Sumu isiyo na mwali

Tazama kijiji cha Owino Uhuru, mjini Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukutani mwa nyumba za watu maskini. Hakukuwa na mlipuko. Kulikuwa na moshi, maji machafu, na risasi iliyoingia polepole katika damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, baada ya kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido, ambaye mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Hapa ndipo kalamu ya mchoraji inapokuwa na faida kuliko kamera. Kamera ingeona nini Owino Uhuru? Ukuta, bomba la moshi, watoto wakicheza. Risasi iliyomo damuni haipigwi picha. Vivyo hivyo Silvertown: hata kama kamera ingekuwapo jioni ile, ingenasa mwali na moshi tu. Isingenasa barua ya onyo inayofika mezani kila mwisho wa mwezi. Isingenasa mstari wa mwaka 1844 unaopita juu ya mto Lea na kuamua ni watu gani watakaa na uvundo.

Kwa hiyo atakayechora msiba wa kiwanda, wa London au wa Mombasa, asianze na moto. Moto ni mwisho wa hadithi. Aanze na ramani, achore ofisi, achore barua na jibu lake, kisha achore kabati ambamo ripoti ilifungiwa. Mtazamaji akiyaona hayo kwanza, mlipuko hautamjia kama kudura, atauona kama uamuzi uliofanywa na watu, na uamuzi wa watu unaweza kukataliwa.

Leo mahali pa kiwanda cha Brunner Mond pamejengwa maghorofa ya makazi yanayoitwa Royal Wharf, na mnara wa kumbukumbu ya waliokufa umesimama katikati yake. Mwezi Aprili mwaka 2025 njia mpya ya magari ilifunguliwa jirani na hapo, ikipita chini ya mto Thames, nayo ikapewa jina la Silvertown. Maelfu ya madereva hulisoma jina hilo kila siku wanapokwenda kazini na kurudi.