Kofia Iliyoamriwa na Sheria

Ukipata kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono, msomaji, ishike uitazame vizuri. Hutaona mshono wowote ubavuni. Mfumaji hakukata kitambaa akakiunga, kama afanyavyo mshona kofia wa Lamu. Alianza na uzi mmoja tu, akafanya vitanzi vingi juu ya sindano zake, kisha akapitisha uzi ndani ya kila kitanzi ili kuzaa kitanzi kingine, akazunguka na kuzunguka mpaka kimo kikatosha. Ndipo alipoanza kuunganisha vitanzi viwili viwili. Duara likapungua, hata vikasalia vichache vya kufungwa utosini. Hiyo ndiyo kazi yote. Mtu asiyepata kushika sindano za kufumia aweza kuifahamu kwa siku chache, na kwa hiyo kofia huwa miongoni mwa kazi za kwanza apewazo mwanafunzi. Walakini kazi hii nyepesi iliwahi kulishughulisha Bunge la Uingereza, na habari hizo ndizo nitakazo kukusimulia.

Asili ya ufumaji huu ni Misri, kadiri vitu vilivyofukuliwa vinavyotuonyesha. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, zimo soksi nyekundu za sufu zilizotoka Misri, zenye umri upatao miaka 1,600, nazo zamani wengi walizidhani kuwa mfano wa kwanza wa kazi hii. Sivyo. Wataalamu wamezichunguza na kuona kuwa zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, kwa mtindo mwingine kabisa. Ufumaji wa vitanzi hasa unaonekana katika vipande vya baada ya mwaka 1000, wakati Misri ilipokuwa chini ya watawala Waislamu. Kufikia karne ya 13 sanaa hii ilikuwa imekwisha kufika Hispania, ambako mito ya hariri iliyofumwa hivyo iliwekwa katika makaburi ya jamaa za wafalme.

Huko Uingereza kondoo walikuwa wengi na baridi haikuwa na huruma. Miji kama Coventry na Bewdley, pamoja na Monmouth katika nchi ya Wales, ikapata sifa kwa kofia zake. Usidhani lakini kwamba kofia ya siku hizo ilikuwa laini na yenye kuvutika kama yako. Ilifumwa kubwa kupita kichwa, ikatiwa majini, ikakanyagwa na kupigwa mpaka sufu ikanywea na kushikana kama ngozi, kisha manyoya yake yakapunguzwa kwa mkasi. Kofia ya namna hiyo haikupitisha mvua upesi. Mabaharia na askari waliipenda. Merikebu ya vita iitwayo Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilikutwa na kofia za kufumwa ndani yake. Naye Shakespeare alizitaja kofia za Monmouth katika mchezo wake wa Henry V.

Basi fikiri ni mikono mingapi iliyopata riziki kwa kofia moja: mchambua sufu, msokota uzi, mfumaji, mkanyagaji, mtia rangi, mkata manyoya. Mtindo ulipogeuka, na watu wenye uwezo wakaanza kupenda kofia za sufu iliyogandamizwa bila kufumwa, wote hao waliona njaa inawakaribia. Wakalia kwa Bunge. Mwaka 1571, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ikatoka sheria kwamba kila mtu aliyepita umri wa miaka 6 avae kofia ya sufu iliyofumwa na kutengenezwa nchini, kila Jumapili na kila sikukuu. Asiyevaa alitozwa shilingi 3 na peni 4 kwa siku, fedha iliyozidi ujira wa siku kadhaa wa kibarua.

Lakini soma sheria hiyo mpaka mwisho. Wanawali, mabibi wa heshima, makabaila na wenye mashamba ya pato kubwa waliachwa huru. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo sheria ilipojivunja miguu yenyewe. Kofia iliyokusudiwa kumlinda mfumaji ikawa alama ya mnyonge, na ni nani apendaye kutembea na unyonge wake kichwani? Watu waliikwepa, na mwaka 1597 ikafutwa.

Usiwacheke Waingereza hao upesi. Mwaka 2019 Serikali yetu ya Kenya iliwataka watumishi wa umma wavae kila Ijumaa nguo zilizotengenezwa nchini, kwa sababu iliyofanana sana na ile ya Coventry: viwanda vingi vya nguo vilikuwa vimefungwa, na mitumba imejaa masokoni.

Miaka 18 baada ya sheria ya kofia, yaani mwaka 1589, jambo kubwa zaidi lilitokea. William Lee, mtu wa Calverton karibu na Nottingham, alibuni mtambo wa kufuma soksi. Mahali pa mfumaji kushika kitanzi kimoja kimoja, mtambo ulifanya safu nzima ya vitanzi kwa mara moja. Yasimuliwa kwamba Malkia alikataa kumpa hati ya kumlinda, akihofia kuwa mtambo ungewafanya raia maskini kuwa ombaomba. Lee akahamia Ufaransa, akafa huko bila kuuona utajiri. Hata hivyo mtambo haukufa pamoja naye. Ulirudishwa Uingereza, na Nottingham ikaja kuwa mji mkuu wa kazi hiyo.

Katika miji yetu mingi wako mafundi wafumao sweta za shule kwa mashine ndogo za mkono, na mashine hizo ni uzao wa mtambo wa Lee. Ikiwa umevaa sweta sasa, pindua ncha ya mkono wake utazame upande wa ndani. Vitanzi utakavyoviona huko ni vile vile vya kofia ya Monmouth, ila ni vidogo zaidi.