Mtu wa Sekenke akihamia Dar, kabila lake linakwenda wapi?

Ukipanda basi la Mwanza kutoka Dar, ukishapita Singida mjini utateremka mlima Sekenke kwenda Shelui. Wengi wanaujua kwa kona zake tu. Lakini hapa, wilayani Iramba, Wajerumani walifungua mgodi wa dhahabu mwaka 1909, na mwaka 1916 dhahabu yake ilitumika kutengeneza ile sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, huko Tabora.

Mgodi huleta wageni. Kijijini kwenu hakuna anayekuuliza kabila, wanauliza ukoo. Swali la "wewe kabila gani?" linaanza pale Mnyiramba anapolala kambi moja na Msukuma na Mnyamwezi, na wote wanaelewana kwa Kiswahili.

Dar mambo ni hayohayo, ila kwa ukubwa zaidi. Mjini jina linapanuka: Mnyiramba, Mnyisanzu na Mnyaturu wote wanageuka "watu wa Singida". Kuna wanaowaita wote Wanyaturu, wakati Kinyaturu na Kinyiramba ni lugha mbili. Ukisahihisha mara tano unachoka, unaitika tu.

Enzi za mkoloni, makabila yalikuwa na vyama vyao mjini vya kusaidiana kwenye shida. Baada ya uhuru serikali haikutaka kabila liwe njia ya kutafutia madaraka. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na sheria ya mwaka 1992 inakataza chama cha siasa cha kikabila.

Kwa hiyo kabila limetoka kwenye fomu, likabaki kwenye utani, harusi na, siku hizi, magrupu ya WhatsApp.

Lugha ndiyo inayoondoka kwanza. Bibi anapiga simu, anasalimia kwa Kinyiramba, mjukuu aliyezaliwa Mbagala anajibu "shikamoo bibi", basi. Baba na mama wakiwa wa makabila tofauti, Kiswahili kinashinda mapema zaidi.

Ila kwa maoni yangu kipimo chenyewe si lugha, ni msiba. Yule mjukuu asiyejua neno hata moja jina lake bado linaandikwa kwenye orodha ya michango. Na siku akifiwa na baba yake, ndugu watakaa na kumuuliza yeye: mzee anazikwa hapa Dar, au anasafirishwa Iramba?