Chombo kikitoweka jikoni, jina lake huenda wapi?

Juzi nilikuwa Msambweni nyumbani kwa jamaa. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekuna nazi, akamwita mjukuu wake: "Hebu niletee kifumbu." Msichana akarudi na chujio la plastiki. "Bibi, kifumbu ni kitu gani?" Sote tukacheka, lakini swali hilo halijanitoka.

Lilinikumbusha wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Pieter Claesz alichora mkate, samaki, bilauri na limau lililomenywa nusu. Willem Kalf alichora mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Waholanzi waliziita picha hizo stilleven, yaani maisha yaliyotulia. Hamna mfalme wala vita humo. Ni meza tu. Lakini meza hizo zatueleza walikula nini, walifanya biashara na nani, na hata walihofia nini: saa na mshumaa unaokwisha vilimkumbusha mtazamaji kifo.

Kaure ya Uchina ilifika pwani yetu karne nyingi kabla ya meli za Waholanzi. Wazee wetu hawakuichora. Waliipanga katika vidaka vya kuta na kuipachika kwenye makaburi ya mnara, kama lile la Mambrui. Kule Gede, ambako James Kirkman alianza kuchimba magofu mwaka wa 1948, nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyopatikana humo: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma. Majina ya wenyewe yamepotea. Vyombo vyao ndivyo vinavyowasemea.

Kaure hudumu. Kifumbu ni kifuko cha ukili, nao ukili huoza. Kata ni kifuu cha nazi, nacho huvunjika. Vyombo hivi havikupachikwa ukutani. Kumbukumbu yake imo katika msamiati. Chukua neno kombe. Ni sahani kubwa ya kupakulia. Vilevile ni dawa: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa. Leo kijana akisikia kombe anawaza kandanda tu.

Basi, walimu wenzangu, likizo ijayo wapeni wanafunzi kazi hii: waingie jikoni kwa bibi zao, wachore kila chombo, waandike jina lake kwa Kiswahili na kwa Kidigo, na kinavyotumika. Siku ile tui lilichujwa kwa plastiki, na wali ulikuwa mtamu vilevile. Kifumbu tunaweza kuishi bila yake. Ila msichana yule alistahili kujibiwa kwa mchoro na jina, si kwa kicheko chetu.