Andy Ganteaume: zamu moja, mikimbio 112

Orodha za wastani wa wapigaji wa kriketi huanza na Don Bradman wa Australia, 99.94. Kwa kawaida orodha hizo humhesabu tu aliyepiga angalau zamu 20. Ondoa sharti hilo, na kwa zaidi ya miongo saba aliyekaa juu ya Bradman alikuwa Andy Ganteaume, mzaliwa wa Belmont, Port of Spain. Aliichezea West Indies mechi moja ya Testi, akapiga zamu moja, akapata mikimbio 112. Hakucheza Testi nyingine.

Ilikuwa Februari 1948, Uingereza ilipozuru visiwa vya Karibi. Jeff Stollmeyer aliumia, nafasi ya kufungua upigaji ikabaki wazi. Ganteaume, mwenye umri wa miaka 27, alikuwa amekwisha kuwapiga Waingereza haohao mikimbio zaidi ya mia akiwa na timu ya Trinidad. Katika uwanja wa Queen's Park Oval yeye na George Carew walikusanya mikimbio 173 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka.

Kisha nahodha Gerry Gomez akampelekea kijikaratasi uwanjani: aongeze kasi, muda unawaacha nyuma. Mechi iliisha sare huku West Indies wakiufukuza ushindi, na lawama ya kwenda polepole ikamwangukia mgeni. Sababu hiyo hainiridhishi. Anayefungua upigaji kazi yake ya kwanza ni kutotoka mapema, na Ganteaume aliitimiza katika mechi yake ya kwanza ya kuvaa kofia ya West Indies.

Ili kuelewa kilichomkuta, tazama jinsi timu ilivyoendeshwa. Katika mechi nne za msimu ule manahodha walikuwa watatu. George Headley wa Jamaika aliongoza katika mechi ya Barbados, akawa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza West Indies katika Testi. Trinidad iliwekewa Stollmeyer, na alipoumia akaingia Gomez. Baadaye John Goddard wa Barbados akachukua usukani. Uongozi ulikuwa umezoea kukaa mikononi mwa weupe wa tabaka la juu, na kila koloni lililochangia timu lilivutia watu wake. Ganteaume, mwenye asili mchanganyiko, hakuwa na wa kumsemea. Mwaka 2007, katika kitabu cha maisha yake, aliandika waziwazi kwamba rangi na tabaka vilichangia kumweka nje.

Wako wenzake wa bahati hiyo mbaya. Rodney Redmond wa New Zealand alipiga 107 na 56 dhidi ya Pakistan mwaka 1973, naye hakucheza Testi nyingine. Lakini Ganteaume alingojea kwa muda mrefu zaidi, na kwa uchungu zaidi: mwaka 1957, akiwa na miaka 36, alichukuliwa katika ziara ya Uingereza, zikachezwa Testi tano bila yeye.

Njia ya mwenzake Frank Worrell ilikuwa nyingine: naye alianza Testi katika mechi ileile ya 1948, akatoka na mikimbio 97, mitatu tu pungufu ya mia. Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza West Indies kwa mfululizo mzima wa mechi. Ganteaume aliishi hadi Februari 2016, akafariki akiwa na miaka 95.